Natolewa kizazi sababu ya shingo yake, sasa kwanini dokta anataka kukagua na uke?

Shikamoo mama,

Naomba usinitaje jina manake hapa Moshi tunafahamiana sana. Nina miaka 46, watoto watatu, nauza mitumba Kiboriloni na siku zingine napeleka mzigo Arusha pale Kilombero. Nipo kwenye dawa tangu 2011, namshukuru Mungu nameza vizuri na kipimo cha mwisho virusi havikuonekana. Nimeanza na hilo kwa sababu najua utaniuliza.

Hadithi yangu ni ndefu nitaifupisha. 2021 pale kliniki ya dawa waliniambia nipime shingo ya kizazi kwa siki, wakaona weupe wakanichoma siku hiyohiyo, nikarudi nyumbani nikajua yameisha. 2023 nimepima tena weupe umerudi, nikapelekwa hospitali kubwa wakanikata kwa ule waya wa umeme, kinyama kikaenda maabara, majibu yakarudi yameandikwa daraja la 3 na kwamba kingo za hicho kinyama hazikutoka safi, yaani ugonjwa umefika mpaka ukingoni. Mwaka jana hivyohivyo tena, na juu yake nina fibroidi, natokwa damu siku kumi mpaka nasikia kizunguzungu sokoni. Dokta akasema shingo iliyobaki ni fupi haikatiki tena vizuri, tutoe kizazi chote na shingo yake. Nikakubali, watoto ninao.

Sasa wiki iliyopita nimeenda kwa maandalizi nikijua napewa tarehe, dokta anasema kabla hajanifanyia operesheni lazima akague uke wote, kwa darubini, na siki na iodini, akiona pa kutilia shaka akate kinyama, tena majibu tuyasubiri. Nikamuuliza dokta si ugonjwa uko kwenye shingo na shingo yenyewe unaitoa? Akanieleza ila nje foleni imejaa na mimi nimechanganyikiwa nikatoka na nusu ya maneno. Neno lililobaki kichwani ni kwamba hata baada ya operesheni nitakuwa narudi kupimwa miaka na miaka. Nipimwe nini tena jamani wakati kila kitu kimetolewa?

Baba watoto anasema huyo anatafuta hela tu. Kuna hospitali nyingine mji wa pili, tumeambiwa njooni na watu wawili wa kuchangia damu wiki ijayo mnatolewa, hakuna cha kukagua. Na wifi yangu yupo Kwa Mrombo alitolewa kizazi 2019, hajawahi kurudi hata siku moja na anabeba gunia la viazi kichwani. Ila mwaka jana alienda kwenye tenti la kupima bure, yule dada wa mezani akamwambia wewe huna shingo unapima nini, pisha wenzako. Sasa kama yeye amefukuzwa kwanini mimi naambiwa nirudi?

La mwisho naona aibu. Baba watoto ananiuliza kama na huko ukeni kuna ugonjwa umeutoa wapi. Na wanawake sokoni wanasema ukitolewa kizazi wanashona uke wote, ndoa ndio imeisha. Nisaidie mama, silali.

Mama wa Watatu, Kiboriloni

*

Marahaba mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili na kabla sijaeleza chochote nakuomba kitu kimoja, ile safari ya mji wa pili ya wiki ijayo isimamishe. Nikimaliza kueleza ukaona bado unataka kwenda basi uamuzi ni wako, mwili ni wako, ila usiende kabla hujanisikia.

Nimefanya unesi wodi ya wanawake zaidi ya miaka thelathini kwa hiyo hili nalisema nikiwa nimeliona kwa macho. Tuanze na hilo neno daraja la 3 manake najua limekunyima usingizi na wengi wanalisikia vibaya. Daraja la 3 la mabadiliko ya awali sio saratani hatua ya 3, ni vitu viwili tofauti kabisa. Maana yake ngozi ya juu ya shingo ya kizazi imebadilika karibu unene wake wote lakini bado haijachimba kwenda ndani. Ni kabla ya saratani. Ndio maana dokta anahangaika sasa hivi, kwa sababu bado mnaweza kuiwahi.

Sasa kwanini uke. Kinacholeta haya yote ni kirusi cha HPV, zaidi aina ya 16, na hicho kirusi hakijui mpaka wa shingo umeishia wapi na uke umeanzia wapi. Ile ngozi laini ya juu ya shingo inaendelea moja kwa moja mpaka kwenye kuta za uke, hakuna ukuta katikati. Wewe ni mtu wa Kilimanjaro utanielewa nikisema mgomba wenye mnyauko, ukiukata mmoja ukautoa kihambani, udongo wa pembeni yake bado unao ugonjwa. Kirusi kinapenda zaidi shingo kwa sababu pale kuna eneo ambalo ngozi inajibadilisha yenyewe, ndio maana saratani ya shingo ni nyingi hivyo hapa kwetu, makadirio ya kimataifa ya 2020 yaliweka Tanzania zaidi ya wagonjwa wapya 10,000 kwa mwaka. Ya uke ni nadra sana ukilinganisha, na nisingependa utoke hapa umeshikwa na hofu mpya. Lakini kwa mwanamke ambaye shingo yake imeshaonyesha mabadiliko makubwa, tena yamerudi zaidi ya mara moja, na kinga yake inapambana na kirusi kingine, uwezekano wa uke nao kuwa na doa sio wa kupuuza. Shirika la Afya Duniani linasema anayeishi na VVU ana hatari ya saratani ya shingo ya kizazi mara 6 zaidi ya asiye nayo. Kumeza dawa vizuri kunakusaidia sana, endelea hivyohivyo, ila hakufuti historia ya hiyo shingo.

Na hayo madoa ya ukeni hayana dalili. Hayaumi, hayawashi, mara nyingi hayatoi hata uchafu. Na yanapenda kukaa theluthi ya juu ya uke, kulekule kunakogusana na shingo, yaani palepale dokta atakapokata na kushona.

Hapa nataka unisikilize vizuri mwanangu. Wakitoa kizazi na shingo, juu ya uke panabaki wazi kwa hiyo wanaziunganisha kuta na kuzishona, ndio unapata kile kikofia cha juu. Kama kulikuwa na doa pembeni ya shingo na hakuna aliyeliona, kuna mambo mawili yanaweza kutokea. Linabaki nje ya mshono, hapo afadhali, litaonekana siku likitafutwa. Au linakunjwa na kushonewa ndani ya mshono wenyewe, na huko hakuna jicho litakaloliona, hakuna brashi ya kipimo itakayoligusa, linakaa kimya miaka. Lakini dokta akiliona kabla ya kukukata anajua pa kupitisha kisu, anaweza kutoa kizazi pamoja na kipande kidogo cha juu cha uke chenye hilo doa, kazi inafanyika mara moja. Ndio hiyo nusu ya maneno uliyoiacha mlangoni kwa sababu ya foleni.

Kuna sababu nyingine na hii ndio inanitisha zaidi kuhusu hao wa wiki ijayo. Mtu mwenye historia kama yako hatolewi kizazi kwa operesheni ya kawaida kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna saratani kamili iliyojificha. Ikiwepo, operesheni yake ni nyingine au matibabu yenyewe ni ya mionzi, na ukishakatwa ile ya kawaida halafu maabara ikasema kumbe ilikuwa saratani, kurekebisha ni kugumu mno kuliko kungoja. Kwa hiyo anayekuambia njoo na damu tu hakuna kukagua, simwiti tapeli kwa sababu simjui, ila mimi binti yangu nisingempeleka.

Kipimo chenyewe kisikuogopeshe, siki umeshaizoea. Utalala vilevile, ataweka kile chuma cha kufungulia wanakiita mdomo wa bata, atapaka siki, atasubiri dakika moja mbili huku anaangalia kwa darubini kubwa iliyo nje, haiingii mwilini. Halafu iodini. Ngozi ya uke yenye afya ina sukari fulani ndani yake kwa hiyo ikiguswa na iodini inageuka kahawia iliyokolea kama kahawa, ngozi yenye shida haina hiyo sukari inabaki njano. Na mwombe kwa heshima akizungushe hicho chuma taratibu wakati anakitoa, manake vile vibapa viwili vinafunika ukuta wa mbele na wa nyuma, doa likiwa chini yake halionekani. Wazuri wanafanya bila kuambiwa, ila kumuuliza sio kosa. Kama iodini imewahi kukudhuru au una aleji sema mapema. Siku mbili kabla usiingize chochote ukeni, usijisafishe kwa ndani na msikutane na baba watoto, na isiwe siku za damu, kwa hiyo hizo siku kumi zako mpangie vizuri na nesi wa kliniki. Kama hedhi imeanza kukata na uke umekuwa mkavu mwambie pia, kwa sababu ngozi kavu haishiki iodini sawasawa na inaweza kumpoteza, wengine wanapewa kwanza krimu ya homoni wiki kadhaa.

Akikata kinyama utasikia kama kubanwa na damu kidogo siku moja mbili, basi. Na majibu yakisema lipo doa, usidhani mbingu imeanguka. Yale madogo mengi yanapotea yenyewe yakifuatiliwa tu. Yale makubwa yanakatwa, au yanachomwa kwa leza, au kuna krimu za kupaka, inategemea yako wapi na yako mangapi.

Baada ya operesheni ndio wengi wetu tunapoteleza, na hapa nakiri na mimi niliteleza. Zamani kidogo nilimruhusu mama mmoja aliyetolewa kizazi kwa ugonjwa kama wako, nikamkabidhi karatasi nikamwambia nenda mama kapumzike umepona. Sikumwambia arudi. Sikujua kwamba natakiwa kumwambia. Karibu miaka minane baadaye alirudi anatokwa damu, akaonwa ana saratani ya uke palepale juu kwenye kovu, na alinikumbuka jina. Tangu siku hiyo hakuna mgonjwa wa namna hiyo aliyetoka mikononi mwangu bila kuandikiwa tarehe ya kurudi.

Kwa hiyo narudi kwenye miaka na miaka. Wenzetu Marekani mwongozo wao unasema aliyetolewa kizazi kwa mabadiliko makubwa ya shingo apimwe HPV kila mwaka mara 3, zikiwa safi kila baada ya miaka 3, mpaka itimie angalau miaka 25 tangu atibiwe. Wewe hapo utakuwa na miaka 71, bibi mwenye wajukuu. Uingereza wanaanza na kipimo cha lile kovu la juu ya uke baada ya miezi 6 na tena miezi 18 kwa wale ambao kingo zao zilitoka safi, ambazo hazikutoka safi wanafuatiliwa muda mrefu zaidi. Nchi hazifanani, ratiba yako ataiandika dokta wako, na kwa sababu uko kwenye dawa mimi nisingekubali kuachwa mapema. Kipimo chenyewe wala sio kazi kubwa, ni kupitisha brashi juu ya uke na kuangalia. Ila damu ikitoka baada ya tendo, au majimaji yenye harufu ambayo hayaishi, au maumivu ya chini, usingoje tarehe.

Na tafadhali sana, kizazi kikishatolewa kinapelekwa maabara, yale majibu yafuatilie wewe mwenyewe mpaka uyapate, yapige picha kwenye simu, nakala weka na vyeti vya watoto. Hiyo karatasi ndio itakayoongea kwa niaba yako miaka ishirini ijayo wakati dokta huyu ameshastaafu na faili limeshapotea.

Wifi yako sasa. Yule dada wa mezani alikosea kumfukuza bila kumuuliza swali moja tu, ulitolewa kizazi kwa sababu gani. Kama ilikuwa fibroidi au damu nyingi na vipimo vyake vya shingo vyote vilikuwa safi na shingo yote ilitoka, basi kweli hana haja ya kuendelea kupimwa, yuko huru na gunia lake. Kama ilikuwa shingo ina mabadiliko kama yako, amekaa miaka yote hii bila kuangaliwa na anatakiwa aonwe. Na kuna la tatu ambalo wengi hawalijui, zipo operesheni wanatoa kizazi wanaiacha shingo, kuna wanawake wanatembea mjini wanajua hawana kumbe wanayo, hao wanapima kama kawaida. Kubeba gunia hakutuambii lolote hapa, nilishasema haya mambo hayaumi.

Baba watoto naomba umsomee hapa, au umpe simu asome mwenyewe. Baba, hiki kirusi karibu kila mtu mzima aliyewahi kukutana na mtu anakipata wakati fulani wa maisha, wanaume na wanawake, wengi kinaondoka bila wao kujua na kwa wengine kinakaa kimya miaka mingi ndipo kinajitokeza. Doa la ukeni kwa mama huyu, kama litaonekana, ni ndugu wa doa la shingo lililoonekana 2021, halijaletwa na mtu mwezi uliopita. Hakuna kipimo duniani kinachoweza kusema kilitoka kwa nani wala lini. Kwa hiyo swali la umeutoa wapi halina jibu na linamuumiza mtu ambaye anaenda kulazwa mezani. Anachohitaji kwako ni nauli, mtu wa kumsindikiza, na wiki kadhaa asinyanyue vitu vizito.

Na uke haushonwi wote, hao wa sokoni wamechanganya. Panashonwa juu tu, njia inabaki. Mtapumzika wiki 6 mpaka 8 na dokta akague mshono kwanza, baada ya hapo ndoa inaendelea, wengine wanafurahi zaidi kwa sababu ile damu imekoma. Kama watachukua kipande cha uke muulize ni kirefu kiasi gani, ni swali la halali kabisa na usimwonee aibu.

Hela najua ni tatizo la kweli, mitumba haina mshahara. Kwenye hospitali za serikali na za rufaa kuna ofisi ya ustawi wa jamii, nenda pale kabla ya tarehe ya kipimo, ukaeleze hali yako kama ilivyo. Na wewe uko Moshi, KCMC hiyo hapo ni hospitali ya rufaa ya kanda ina mabingwa wa wanawake na kituo cha saratani, kuna wanawake wanalala njiani kuifikia. Huyu dokta aliyekuambia tukague kwanza mshike, akikueleza tena mwombe akuchoree kwenye karatasi, foleni itasubiri dakika mbili.

Kama kati ya hao watatu yupo binti wa miaka 9 mpaka 14 ulizia shuleni kwake au kituo cha afya kuhusu chanjo ya HPV, ni bure. Ilianza nchi nzima 2018 lakini Kilimanjaro kwenu ndiko ilikotangulia kujaribiwa 2014, na siku hizi ni dozi moja tu.

Leo jioni mpigie wifi yako. Mwambie aitafute karatasi yake ya kuruhusiwa ya 2019, hata kama imeliwa na panya nusu, akiikosa aende hospitali aliyofanyiwa akaombe majibu ya maabara kwa jina na mwaka. Halafu siku yako ya kipimo apande gari la asubuhi kutoka Arusha aje akusindikize, avae nguo rahisi na yeye, manake akifika na hiyo karatasi mkononi anaweza kuonwa siku hiyohiyo. Wote wawili mbebe pedi, iodini inachuruzika mpaka kesho yake.